Kanzu ya Baba Mkwe Imekwama Kwenye Mashine

Ijumaa, Ihanda. Mvua ilianza alfajiri, ikakatika mchana, na sasa mawingu yamerudi tena juu ya migomba.

Naandika nikiwa jikoni. Sakafu bado ina maji, na mikono yangu inanuka sabuni na kahawa. Acha niyaandike kama yalivyotokea. Labda nikiyaona yamekaa kwenye mistari yatapungua ukubwa.

Kesho ni siku ya kumweka mrithi wa baba mkwe wangu, aliyefariki mwezi wa nane. Mrithi ni mume wangu, Baba Alinda, ambaye anafanya kazi Mwanza na leo yuko kwenye basi anakuja nyumbani. Mchungaji ataongoza ibada, halafu wazee wa ukoo watamvika mume wangu kanzu ya baba yake mbele ya watu wote. Kanzu yenyewe ni moja tu, ile nyeupe aliyokuwa akiivaa Jumapili na kwenye mashauri ya ukoo. Tangu msiba, mama mkwe ameitunza kwenye sanduku la bati chumbani kwake.

Na mimi leo nimeifua.

Hakuna aliyenituma. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mama aliondoka asubuhi kwenda kwa dada yake kule Rugera kuazima masufuria makubwa ya shughuli, akaniachia nyumba. Nikaingia chumbani kwake kuchukua mashuka ya wageni, nikaona sanduku, nikalifungua, nikanusa. Kanzu ilikuwa inanuka vidonge vya nondo na unyevu wa mvua hizi. Nikajiambia, hivi kweli mume wangu atavikwa kitu kinachonuka hivi mbele ya ukoo mzima? Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Sababu ya kweli, na naisema hapa kwa sababu hapa hakuna anayenijua, ni kwamba nilitaka wake za shemeji zangu waone weupe wa ile kanzu na waseme mke wa mrithi ni msafi. Kiherehere changu tu. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Basi nikaichukua. Tuna mashine ya kufulia, ile ya mlango wa kioo mbele, aliyoileta mume wangu mwaka juzi na watu wakaja kuitazama inavyozunguka. Nikaiweka kanzu peke yake, nikatia sabuni ya unga, nikachagua maji ya moto ili itakate vizuri.

Mifuko sikuangalia.

Ngoja nieleze, maana mtu akisoma atasema huyu ni mjinga, hata mtoto anajua kupekua mifuko kabla ya kufua. Najua na mimi. Nguo za mume wangu nazipekua, za Alinda nazipekua. Lakini mimi ni wa Isingiro kule Kyerwa, kwetu ni wafugaji, na nimelelewa kwamba mkamwana hagusi kiti cha baba mkwe wala hampiti karibu. Kanzu yake niliibeba kwa taulo, jamani, kama nimebeba kichanga. Kuifua nilithubutu. Kuingiza mkono kwenye mfuko wake, hata kama mwenyewe ametangulia mbele za haki, mkono ulikataa. Sasa niambie hiyo ni akili gani.

Mashine ikazunguka vizuri kama nusu saa. Nikawa namenya ndizi huku nikiimba. Halafu ikafika pale inapotakiwa kutoa maji, ikaanza kuunguruma bila kutoa kitu. Mmmm, mmmm, kama ng'ombe aliyekwama kwenye tope. Kisha ikalia pi, pi, pi, taa nyekundu ikawaka, ikanyamaza.

Nikachungulia kwenye kioo. Maji yalikuwa yamejaa hadi katikati ya mlango, na yalikuwa ya rangi ya chai ya rangi. Nilidhani ni kutu ya tangi letu la maji ya mvua. Nikavuta mlango, umejifunga. Nikazima, nikawasha, nikavuta tena. Kanzu ya marehemu ilikuwa imelala mle ndani inaelea, mkono mmoja umegandamana na kioo kama mtu anayetaka kutoka. Nilirudi nyuma hatua mbili. Nilisema Yesu wangu, kwa sauti, peke yangu jikoni.

Hapo simu ikaita. Mume wangu.

Alikuwa Biharamulo, basi limesimama ili abiria wale chakula. Nilitaka kumwambia palepale, lakini yeye ndiye aliyeanza, na sauti yake haikuwa nzuri. Akasema hajalala. Akasema wazee wawili wamempigia kuhusu kesho. Ndipo akanieleza jambo ambalo katika miaka sita ya ndoa sijawahi kulisikia: kwa ukoo wao, baba aliyemkubali mrithi wake humwachia akamwani kwenye mfuko wa kanzu. Akamwani ndiyo ile kahawa ya huku ya kutafuna, inayochemshwa na maganda yake kisha ikakaushwa. Kwetu mgeni hupewa maziwa, huku hupewa hiyo. Mrithi akishavikwa anaingiza mkono mfukoni mbele ya watu, anatoa kahawa ya baba yake, anawagawia wazee wanatafuna pamoja. Mkono ukitoka mtupu, kuna watakaosema baba hakuridhika naye. Na wapo ambao wangependa sana kusema hivyo, maana shamba la kahawa la mzee ni kubwa na mume wangu si mtoto wa kwanza.

"Baba mwisho wake alikuwa haongei wala mkono haushiki," akasema. "Sijui kama aliweka. Naogopa, mama Alinda. Kanzu si ipo?"

Nikatazama kioo. Maji ya rangi ya chai.

Nikasema, "Ipo."

Uongo haukuwa, ilikuwepo. Lakini nilipokata simu nilikaa chini sakafuni. Kama mfuko ulikuwa mtupu, mume wangu ameumbuka. Kama ulikuwa na kahawa, nimeipika mimi kwa maji ya moto na sabuni. Sikujua niombe lipi.

Nikampigia fundi wa Kayanga anayetengeneza friji na vitu kama hivyo. Alikuwa kwenye kazi, akasema atakuja Jumatatu. Nikamwambia Jumatatu mimi nitakuwa nimesharudishwa kwetu. Akacheka, akadhani natania. Lakini Mungu ambariki, akaniuliza, "Dada, ikifika kutoa maji inanguruma au imenyamaza kabisa?" Nikasema inanguruma. Akasema, "Basi pampu ina umeme, ila kuna kitu. Ama mpira wa nyuma umeziba, ama chujio la chini. Chomoa plagi kwanza. Na usiuvute huo mlango, utauvunja na hautafunguka."

Nikachomoa plagi. Nikatoka nje na mvua yangu kichwani kufuata mpira wa kutolea maji, ule unaopita ukutani hadi kwenye migomba. Nilikuwa na matumaini makubwa na huo mpira. Mwisho wake ulikuwa umefukiwa na nyasi tulizotandaza shambani, na nikasema haya, ndiyo hii. Nikafukua, nikasafisha tope, nikarudi, nikachomeka, nikawasha. Mmmm. Pi, pi, pi.

Nikachomoa tena. Nikauvuta mpira kutoka ukutani, nikaukunja mwanzoni maji yasinimwagikie, nikaushusha hadi kwenye beseni sakafuni. Kama mpira ungekuwa ndio ulioziba, pale maji yasingetoka hata tone. Kama ungekuwa mzima na pampu nzima, yangemwagika yenyewe kwa kuwa beseni liko chini ya mashine. Yalitoka kidogo, kama kikombe, halafu yakawa machozi tu. Nikaupuliza kwa mdomo, hewa ikapita hadi mwisho bila shida. Kwa hiyo kizuizi kilikuwa ndani, kabla maji hayajaufikia mpira.

Chujio, basi.

Liko chini kulia, nyuma ya kijimlango ambacho nilikuwa nadhani ni pambo. Nikakifungua kwa ncha ya kisu. Kuna kifuniko cha duara kama cha chupa kubwa, na pembeni kijimpira chembamba chenye kizibo. Nikagusa kifuniko, kilikuwa cha moto. Ikabidi nisubiri maji yapoe. Huo muda wa kusubiri sitausahau. Nilikaa nimekumbatia magoti, natazama mlango wa jikoni, nahesabu saa ngapi Mama atarudi. Kila bodaboda iliyopita barabarani ilikuwa yake. Nilifikiria hata kuchukua kahawa kwenye kikapu cha jikoni, kuitia mfukoni na kukaa kimya. Ndiyo, nililifikiria, na nililifikiria kwa kirefu. Kilichonizuia hakikuwa uaminifu, ni kwamba kanzu yenyewe ilikuwa imefungiwa.

Yalipopoa nikavuta kijimpira, nikatoa kizibo, nikakinga kwa sinia maana hapo chini beseni haliingii. Sinia likijaa naziba, namwaga kwenye ndoo, narudi. Sinia, ndoo. Sinia, ndoo. Kila sinia lilikuwa na rangi ya kahawa na harufu ya kahawa, na hapo sikuweza tena kujidanganya kuhusu kutu.

Maji yalipokaribia kwisha nikazungusha kifuniko kuelekea kushoto polepole. Yaliyobaki yakamwagika sakafuni, taulo mbili zikalowa. Nikavuta chujio likatoka zima.

Kahawa ilikuwemo.

Punje zimevimba na maganda yake, nyingine zimepasuka, zimejipanga kwenye meno ya chujio. Nikamulika tochi ya simu kwenye tundu. Ndani kule kuna kifeni kidogo, ndicho kinachosukuma maji nje, na kilikuwa kimezongwa na kamba ya mgomba, ule uzi mkavu wa kufungia. Nikaingiza kidole, nikaivuta taratibu, nikizungusha kifeni nyuma na mbele. Ilitoka na kipande cha jani kavu, na nyuma yake punje moja iliyokuwa imebana kifeni kabisa kisigeuke. Nilipoitoa kikazunguka kwa wepesi.

Nililia. Sijui nilikuwa nalilia nini. Nilikuwa nimetengeneza mashine na nimeharibu kila kitu kingine.

Punje zote, kamba na jani nikaviweka kwenye sahani. Nikaosha chujio, nikalirudisha na kulikaza, nikarudisha kizibo na mpira, nikachomeka, nikabonyeza kutoa maji. Ikaunguruma, ikakohoa, halafu nikasikia maji yakikimbia ukutani kwenda kwenye migomba. Baada ya dakika mbili mlango ukasema tak. Nikafungua.

Kanzu ina doa. Ubavuni kulia, chini ya mfuko, la ukubwa wa kiganja, rangi ya udongo. Nimelisugua kwa limau na maji ya baridi, nimelisugua mpaka vidole vimechubuka. Limefifia. Halijatoka.

Nilikuwa bado naisugua Mama aliposimama mlangoni.

Sikuisikia hata bodaboda. Mama alikuwa na sufuria kichwani, nguo zimelowa, anatazama maji sakafuni, anatazama kanzu mikononi mwangu. Nikapiga magoti palepale kwenye maji. "Shikamoo, Mama," nikasema, na hiyo ilikuwa mara ya pili kumsalimia leo, maana nilikosa neno lingine.

Alitua sufuria taratibu.

Nikamwambia yote. Sanduku, nondo, maji ya moto, mume wangu kupiga simu, mimi kusema ipo. Nilisema nikitazama miguu yake. Mama mkwe wangu si mkali wa kelele. Ni mkali wa kunyamaza, na amewahi kuninyamazia mwezi mzima, sitaki tena. Nilipomaliza nikaisukuma ile sahani mbele yake.

Akachuchumaa. Hakuzitazama punje. Alichukua ile kamba ya mgomba, akainyoosha kwa vidole, akaipeleka kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa bado na fundo.

"Ilikuwa imefungwa?" akauliza.

Nikasema ndiyo, na jani lake hili hapa.

"Ya kutafuna mwenyewe alikuwa haifungi," akasema. "Alikuwa anaitia ovyo tu, inanimwagikia kitandani. Ya kufunga ni ya kumpa mtu."

Kisha akakaa chini. Alikaa kwenye maji, yeye mwenyewe, na kitenge chake kizuri cha kutokea, akaweka kamba ile kwenye paji la uso na mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani nimemuua. Nikaanza kuomba msamaha upya, akaninyamazisha kwa mkono.

"Mawe!" akasema, yaani mama yangu kwa lugha ya huku. "Aliweka. Kumbe aliweka."

Ndipo akaniambia. Tangu msiba hajaingiza mkono kwenye mfuko ule. Kila jioni alikuwa anafungua sanduku, anaikunjua, anaikunja tena, na mkono hauendi. Mzee alikuwa hawezi hata kushika kikombe siku zile, na hakuna aliyemwona akifunga kitu. Mama alikuwa na hakika kwamba mfuko ni mtupu, na kesho ukoo mzima ungeona mwanawe akitoa mkono mtupu. Alifikiria kutia kahawa yake mwenyewe, akaogopa. Akafikiria kuuliza, akaogopa zaidi.

"Vidole vile," akasema, "alilifungaje hili fundo?"

Tulikaa wote wawili kwenye maji. Nyumba hii moja, sote tukiuogopa mfuko mmoja, na kila mmoja akitabasamu wakati wa chai.

Baadaye akachukua punje moja, akaitia mdomoni, akatafuna. Uso ukajikunja. "Ina sabuni," akasema, na akaimeza. Zilizobaki amezitandaza kwenye ungo karibu na moto zikauke, na amesema kesho zitatolewa hizihizi, hakuna nyingine. Ningesema nimepumua hapo, lakini aliongeza jambo. "Mume wako umwambie leo. Uanze na kwamba baba yake aliweka. Ya mashine ifuate. Usiibakize."

Nimempigia saa kumi na moja. Basi lilikuwa limeshaacha lami mbaya na sauti ilikuwa safi, nikatamani ingekuwa mbaya. Nikamwambia, "Baba aliweka." Nikamsikia anavuta kamasi kama mtoto, na yule aliyekaa karibu naye anamuuliza kama kuna msiba.

Halafu akauliza, "Umejuaje?"

Nilifumba macho nikamwambia. Nilianzia kwenye sanduku na sikuruka kitu, hata ile sehemu ya kutaka kusifiwa weupe.

"Doa linaonekana?" akauliza.

Nikasema linaonekana.

"Wazee wataliona."

Nikasema wataliona, na kahawa ina sabuni, wataitafuna na kujua.

"Basi nikishavikwa, kabla sijaingiza mkono, tutawaambia. Si mimi, wewe. Mimi nikisema watadhani nakuficha, au ninaficha mfuko. Utasimama utasema ulichotoa kwenye mashine na ulivyokikuta kimefungwa. Wewe ndiye shahidi pekee wa Baba, mama Alinda."

Amekata. Mama anageuza punje kwenye ungo na anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Kanzu iko kwenye kamba juu ya moto, mbali kidogo isishike moshi.

Sijawahi kusimama kusema mbele ya wazee wa ukoo huu. Mkamwana husimama mlangoni na sinia la chakula, hasemi. Kesho nitasimama katikati, nitaonyesha ile kamba yenye fundo, na nitasema ni mimi niliyeifua. Naogopa kuliko nilivyoogopa mchana kutwa.

Lakini nisiposema mimi, nani mwingine atasema kwamba Baba alimwachia?